Kabla Hujamnunua Mdakaji, Tazama Jumapili Yake

Jumapili saa kumi na moja jioni, nyumbani kwangu Sinza watu wakibishana nani akalete maandazi, mimi huwa nimeshika simu nasubiri orodha. Huko pwani ya mashariki ya Marekani ni saa nne asubuhi, na timu za besiboli zinazocheza mchana zinaanza kutangaza nani atapiga leo na kwa mpangilio gani. Nateremsha kidole: wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa tisa. Mdakaji wangu hayumo. Jana usiku alicheza mchezo mzima, leo kocha kampumzisha, na nafasi yake kwenye timu yangu ya fantasi itabaki tupu kama kiti cha mgeni aliyechukua kadi ya harusi na asitokee.

Imenitokea Jumapili nyingi mno hata nimeacha kulalamika, nikaanza kufikiri. Na nilichofikia ni hiki: sisi tunaocheza fantasi ya besiboli tunawapima wadakaji kwa kuanzia mwisho. Tunauliza anapiga vipi, tunabishana juu ya nguvu zake na wastani wake, tunatoa pesa, halafu ndiyo tunagundua kwamba hatukuuliza atapiga mara ngapi.

Mchezo huu nilijifunzia Ohio nikiwa mwanafunzi. Wenzangu wa maabara walikuwa kumi na mmoja, ligi inataka kumi na wawili, nikavutwa kujaza idadi. Nilirudi Dar es Salaam na shahada, masufuria mawili na timu moja ya fantasi. Michezo mingi ya usiku wa huko huanza saa nane usiku wa hapa, kwa hiyo siitazami. Nasoma matokeo asubuhi ndani ya daladala. Labda ndiyo maana nimekuwa mtu wa hesabu kuliko mtu wa macho.

Chimbuko la mambo haya ni mwaka 1980. Mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake walianzisha ligi yao New York wakaiita Rotisserie, kwa jina la La Rôtisserie Française, mgahawa wa Manhattan waliokuwa wakikutana kula. Sheria zao ndizo zilizozaa za kwetu: kila mwenye timu ana dola 260 za kununulia wachezaji 23 kwenye mnada, na kati ya wapigaji wake 14, wawili lazima wawe wadakaji. Baadaye msimu halisi unachezwa, na kila wanachofanya wachezaji hao viwanjani kinahesabiwa kwako. Upande wa wapigaji, ligi nyingi leo zinahesabu mambo matano: wastani wa kupiga, homurani (ule mpira unaovuka uzio, mpigaji akazunguka besi zote bila bughudha), mikimbio inayoingia kutokana na mapigo yake, mikimbio anayokimbia mwenyewe, na besi anazoiba.

Isome tena orodha hiyo. Humo ndani hamna kudaka.

Mpwa wangu anacheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, kama nusu ya vijana wa mtaani kwetu, na siku moja alinikuta nimekunja uso mbele ya kompyuta.

“Anko, tatizo nini?”

“Mdakaji. Sijui nimlipe ngapi.”

“Si kama kipa tu huyo? Kipa unampa milioni nne na nusu, hela iliyobaki unaenda kununua washambuliaji.”

“Kipa wako akiokoa michomo mitatu anapata pointi. Asipofungwa anapata nne. Akidaka penalti, tano. Wangu anadaka mipira zaidi ya mia kwa mchezo mmoja na hapewi hata nusu.”

Akanyamaza kidogo. “Sasa wewe unamlipia nini, Anko?”

Swali la mtoto, lakini lina uzito. Kipa wa fantasi analipwa kwa ukipa wake. Mdakaji wa fantasi analipwa kwa kazi yake ya ziada, ile anayoifanya akishavua barakoa ya chuma, kinga ya kifua na magamba ya miguuni, akachukua fimbo kama mtu mwingine yeyote. Kazi aliyoajiriwa hasa kwetu haionekani. Na kwa bahati mbaya yetu, klabu inampanga au kumpumzisha kwa sababu ya hiyo kazi tusiyoiona.

Ipo vipi hiyo kazi? Anachuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima. Anampa mrushaji ishara ya aina ya mpira wa kurusha. Anajua kila mpigaji wa timu pinzani anapenda nini na anachukia nini. Mpira ukidunda ardhini anautupia mwili ili usipite. Mkimbiaji akijaribu kuiba besi ya pili, anasimama na kurusha kabla hujapepesa jicho. Na kuna ile sanaa wanayoipenda wataalamu, ya kuupokea mpira uliokuwa nje kidogo ya eneo la straiki, yaani eneo halali la mpira, kwa mkono mtulivu kiasi kwamba mwamuzi anauona kama ulipita ndani. Huo ni wizi wa heshima, na klabu zina watu wanaoupima kwa kompyuta na kuulipia mamilioni.

Jeff Mathis aliishi kwa kazi hiyo. Alicheza ligi kuu kuanzia 2005 hadi 2021, misimu 17, na wastani wake wa kupiga kwa maisha yake yote ya uchezaji ni 0.194. Mpigaji wa nafasi nyingine yoyote akiwa na namba hizo anarudishwa ligi za chini kabla ya masika kuisha. Yeye klabu moja ilipomwacha, nyingine ilimchukua, kwa kuwa warushaji walitaka kumrushia yeye. Kwenye fantasi, Mathis hakuwa hata wa kufikiriwa.

Huku kwetu Afrika Mashariki tuna mfano wa karibu zaidi. Dennis Kasumba wa Uganda ni mdakaji. Video zake za mazoezi, kijana anayejinoa kwa matairi ya magari na vifaa vya kuokoteza, zilizunguka dunia nzima, na mwaka 2023 akapata nafasi ya kuichezea Frederick Keys ya Maryland, katika ligi ya vijana wanaotafuta kusajiliwa. Ukizitazama utaona anachuchumaa, anajirusha kuzuia mpira, anainuka, anarusha, anarudia. Jasho lote lile, ukiliweka kwenye jedwali letu la mambo matano, ni sifuri. Sisemi hili kuibeza fantasi. Nasema ni vizuri kujua kioo chako kinaonyesha nini na kinaficha nini kabla hujajitazama.

Turudi kwenye ile miguu inayochuchumaa, kwa sababu ndipo bei inapotoka.

Msimu wa ligi kuu ni michezo 162 ndani ya miezi sita. Mchezaji imara wa besi ya kwanza anaweza kucheza 155. Mdakaji mkuu wa timu ya kawaida anaanza nyuma ya mpigaji michezo 110 hadi 120 hivi. Magoti hayavumilii zaidi. Mchezo wa mchana unaofuata mchezo wa usiku karibu kila mara ni wa mdakaji wa pili, ndiyo maana Jumapili inanitesa. Tuseme kila mchezo una nafasi nne za kupiga: michezo 40 asiyocheza ni nafasi 160 zilizoyeyuka. Humo mna homurani sita au saba za mtu mwenye nguvu, mikimbio ishirini na kitu, na hamna namna ya kuzirudisha.

Ongeza majeraha. Mpira uliokwaruza fimbo ukabadili njia unampiga kidoleni, begani, au kichwani. Mei 2011 Buster Posey wa San Francisco alivunjwa mguu katika mgongano na mkimbiaji aliyekuwa anawahi besi ya nyumbani, msimu wake ukaishia hapo. Mwaka uliofuata alirudi akawa bingwa wa wastani kwa 0.336 na mchezaji bora wa ligi yake, na kufikia 2014 ligi kuu ilikuwa imetunga sheria ya kupunguza migongano ile. Joe Mauer wa Minnesota ndiye mdakaji mwenye kuchukua ubingwa wa wastani mara tatu, 2006, 2008 na 2009. Agosti 2013 mpira uliokwaruza fimbo ulimpata kichwani, ubongo ukatikisika, na hakurudi tena kuchuchumaa. Alihamia besi ya kwanza.

Mimi mwenyewe msimu wangu wa tatu nilitoa dola 31 kwa mdakaji mmoja ambaye sitamtaja, maana hakufanya kosa lolote. Mei mwanzoni kidole gumba kikavunjika. Wiki saba. Aliyekosa ni mimi niliyemnunua kama mchezaji wa michezo 150, nikasahau anavaa nini kazini.

Somo la Mauer lina upande mwingine unaonisisimua zaidi ya ule wa jeraha. Mwaka 2014, akiwa besi ya kwanza, alipiga 0.277 na homurani 4. Msimu mbaya kwake, kweli. Lakini 0.277 na homurani chache kwa mdakaji bado ni mtu unayemweka kikosini bila kujiuliza. Kwa mchezaji wa besi ya kwanza ni mtu unayemwacha sokoni. Mkono ule ule, fimbo ile ile. Kilichobadilika ni majirani anaolinganishwa nao.

Hapo ndipo penye siri ya kuthaminisha mchezaji yeyote wa fantasi, na wadakaji zaidi ya wote. Chukua watu wawili, kila mmoja ana homurani 25. Mmoja anacheza besi ya kwanza, mwingine ni mdakaji. Ukimkosa wa besi ya kwanza, sokoni utamwokota wa bure mwenye homurani 20. Ukimkosa mdakaji, wa bure aliyebaki ana 10. Wa kwanza amekupa 5, wa pili amekupa 15. Mama ntilie hauzi wali kwa bei moja Kariakoo na kwenye kituo kisicho na mgahawa mwingine hata mmoja, na hakuna anayemwita mwizi.

Kwa hesabu hiyo, ungedhani kila mtu angekimbilia wadakaji. Kinyume chake ndiyo desturi. Wakongwe wa ligi nyingi watakwambia subiri, chukua wa mwisho, dola moja, maliza. Nami kwa miaka mingi nimewafuata. Sasa sikubaliani nao, au tuseme nakubaliana nao nusu, kwa kuwa wanachanganya ligi mbili tofauti.

Katika ligi ya timu 12 ambapo kila timu inaweka mdakaji mmoja, wanahitajika wadakaji 12 kati ya klabu 30. Wa 12 na wa 16 hawana tofauti ya kukunyima usingizi. Akiumia, unachukua mwingine kesho yake. Hapo wakongwe wako sahihi kabisa, kasoro akiwepo mtu mmoja asiye wa kawaida, nitamfikia. Lakini katika ligi yetu ya wadakaji wawili kwa timu, wanahitajika 24. Klabu ni 30. Ina maana karibu kila mdakaji mkuu anayejua kuishika fimbo ana mwenyewe, na waliobaki ni akina Mathis. Wa 24 anaweza kuwa mtu anayeanza michezo 80, anapiga wa tisa, na wastani wake unakula wa timu nzima. Hapo kusema “subiri” ni sawa na kwenda sokoni saa kumi na mbili jioni ukitaka samaki mbichi.

Nimegusa wastani, na hapa kuna jambo ambalo hata wazoefu hulikosea. Watu wanamwogopa mdakaji mwenye nguvu anayepiga 0.220. Tufanye hesabu. Wapigaji wako wengine wote wana nafasi 6,500 za kupiga kwa msimu na wastani wa 0.260, yaani mapigo 1,690. Weka mdakaji wa 0.220 mwenye nafasi 400: anakuja na mapigo 88, timu inashuka hadi 0.2577. Angekuwa mchezaji wa besi ya kwanza wa 0.220 mwenye nafasi 600, ungeshuka hadi 0.2566. Kule kucheza kidogo, ambako ndiko kunakomnyima homurani, kunamfanya pia asiharibu sana. Basi mdakaji ndiye mahali pa bei nafuu zaidi pa kuficha wastani mbaya. Cal Raleigh wa Seattle mwaka 2024 alipiga 0.220, na kwa ajili ya namba hiyo watu walimpita. Alikuwa na homurani 34 na aliingiza mikimbio 100.

Ndipo ukaja 2025. Raleigh akapiga homurani 60. Mdakaji. Rekodi ya wadakaji ilikuwa 48, ya Salvador Perez wa Kansas City mwaka 2021, ambaye naye alikuwa ameivunja ile ya 45 ya Johnny Bench, iliyodumu tangu 1970. Raleigh aliipita rekodi hiyo Agosti, bado mwezi na zaidi wa kucheza. Kwa kuwa anapiga akisimama upande wowote, kulia au kushoto, aliipita pia ya Mickey Mantle, 54 za mwaka 1961, kwa wapigaji wa aina hiyo. Aliingiza mikimbio 125. Tena akaiba besi 14, kitu ambacho kwa mtu mwenye umbo lake bado nakisoma mara mbili mbili.

Magazeti yaliandika sana juu ya nguvu za Raleigh. Mimi nilitazama safu nyingine: michezo 159. Na Perez katika 2021 yake ya homurani 48 na mikimbio 121? Michezo 161. Wote wawili walifanya jambo moja: siku ambazo hawakudaka, walipiga bila kucheza ulinzi, katika ile nafasi ya mpigaji mteule ambaye kazi yake ni fimbo tu. Miguu ilipumzika, fimbo haikupumzika. Jumapili yao ilikuwa na mistari kwenye jedwali, ya kwangu ilikuwa na nukta.

Nafasi hiyo ya mpigaji mteule kwa miongo mingi ilikuwa ya ligi moja tu kati ya mbili zinazounda ligi kuu. Tangu 2022 iko kote. Ni badiliko lililopita kimya kwa watu wa fantasi kuliko lilivyostahili. Mdakaji mwenye fimbo nzuri katika klabu yoyote sasa ana pa kujibanza siku za mapumziko, ilimradi klabu isiwe imemlipa mzee fulani mamilioni ya pesa akae hapo hapo. Kwa hiyo ninapomchunguza mdakaji, kabla ya kufungua takwimu zake nafungua za wenzake. Mpigaji mteule wa klabu hiyo ni nani? Mdakaji wa pili ni nani, na je, naye anapiga vizuri kiasi cha kumlazimisha kocha agawe michezo? Mdakaji wangu akikaa nje siku ya kudaka, anaonekana besi ya kwanza, au anaonekana benchi na chupa ya maji? Majibu yote yamo kwenye orodha za mwaka jana za Jumapili. Zisome kumi tu, utajua.

Baada ya hapo natazama anapiga wa ngapi. Anayepiga wa pili na anayepiga wa nane, kwa msimu mzima wa kucheza kila siku, wanatofautiana kwa nafasi karibu 100. Klabu nyingi zinamshusha mdakaji chini ili asichoke, na hiyo nayo ni kodi usiyoiona kwenye wastani wake. Halafu ndiyo nauliza juu ya nguvu.

Kuhusu besi za kuiba, sitakawia. Wadakaji hawakimbii, na anayekimbia mthamini. Ivan Rodriguez aliiba 25 mwaka 1999 pamoja na homurani 35 akawa mchezaji bora wa ligi yake; J.T. Realmuto wa Philadelphia aliiba 21 mwaka 2022 na kupiga homurani 22. Ukimpata wa namna hiyo kabla ya kuzeeka, mlipe. Akishafika miaka 33, zile mbio ndizo zinazotangulia kuondoka, na wenzako watamlipia kumbukumbu.

Kuna ligi zinazohesabu mara ngapi mtu amefika besi badala ya wastani wa kupiga, na huko ramani yote inageuka. Yasmani Grandal mwaka 2021, akiwa Chicago White Sox, alipiga 0.240. Mtu wa kawaida kabisa, ungesema. Ila katika michezo 93 tu alipewa besi ya bure mara 87 kwa uvumilivu wake wa kuiacha mipira mibaya, na wastani wake wa kufika besi ulikuwa 0.420, namba ya mfalme. Mtu yule yule ni wa dola tatu ligi hii na wa dola kumi na nane ligi ile. Soma sheria za ligi yako kabla ya kusoma ushauri wa mtu, pamoja na huu.

Na ipo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote: mdakaji asiyedaka. Ligi inamruhusu mchezaji kuhesabiwa mdakaji kama alidaka michezo fulani, kumi kwa baadhi, ishirini kwa nyingine. Mwaka 2022 Daulton Varsho wa Arizona alidaka mara 31 na siku nyingi zilizobaki akacheza nje, kwenye nyasi, ambako hakuna kuchuchumaa. Homurani 27, besi za kuiba 16, akiwa ameketi kwenye nafasi ya mdakaji katika timu za waliomwona mapema. Desemba ya mwaka huo Toronto ilimchukua, na katika malipo ikatoa mdakaji kijana, Gabriel Moreno. Toronto ilimtaka Varsho wa nje, ikamweka nje, na hadhi yake ya udakaji ikaisha. Wachezaji wa aina hiyo hawazidi mmoja au wawili kwa msimu, na hawadumu. Craig Biggio aliyeingia ligi kuu kama mdakaji alihamishiwa besi ya pili mwaka 1992, akaishia kwenye ukumbi wa mashujaa. Klabu ikiona fimbo ya thamani, huiondoa kwenye hatari. Huo ndio ukatili wa nafasi hii kwetu: anayepiga vizuri kupita kiasi haachwi hapo muda mrefu.

Vijana? Nina msimamo mkali kidogo. Simnunui mdakaji wa msimu wa kwanza kwa zaidi ya dola mbili, awe amesifiwa vipi. Mike Piazza anaweza kunyoosha kidole hapa, kwani msimu wake wa kwanza kamili, 1993, alipiga 0.318 na homurani 35, tena alisajiliwa raundi ya 62 wakati karibu kila mtu amekwisha kuondoka ukumbini. Piazza ni mmoja. Mdakaji kijana ana warushaji kumi na watatu wa kuwajua, kila mmoja na mipira yake na hasira zake, na mwalimu anamwambia waziwazi kwamba kupiga kutakuja baadaye. Kwa kawaida kunakuja kweli, akiwa na miaka 26 au 27, na wakati huo aliyemsubiri tangu mwanzo amekwisha kumtupa. Hapo mimi namwokota.

Jambo moja jipya limeniweka macho. Septemba 2025 ligi kuu iliidhinisha, kwa ajili ya msimu wa 2026, utaratibu wa kukata rufaa kwa mashine: mwamuzi akiita straiki au bola, yaani mpira uliopita ndani au nje ya eneo lile, mpigaji, mrushaji au mdakaji anaweza kupinga papo hapo, na kamera zinaamua. Kila timu inaanza na rufaa mbili, na inayoshinda rufaa haiipotezi. Yaani ule wizi wa heshima, wa mkono mtulivu, sasa una polisi, ingawa polisi mwenyewe ni wa kuitwa. Naamini kadiri utaratibu huu unavyozoeleka, klabu zitapunguza kidogo zinachowalipa akina Mathis na kuwavumilia zaidi wenye fimbo. Ikiwa hivyo, yule wa 24 kwenye ligi yetu atakuwa na afadhali, pengo kati ya wa juu na wa chini litasinyaa, na bei za wa juu zitapaswa kushuka pamoja nalo. Hayo ni makisio yangu, na mnada wa Machi mmoja hautoshi kuyapima.

Kwa sasa mpango wangu ni huu, na wenzangu wa Ohio wanaweza kuutafsiri kwa programu wakitaka. Nitatoa hadi dola 22 kwa mdakaji mmoja ambaye mwaka uliopita alipiga walau michezo 20 bila kudaka na anayepiga katika nafasi tano za mwanzo. Wa pili nitampa dola moja, mwenye nguvu na wastani wa aibu. Raleigh sitamgusa; si kwa kuwa hafai, ila kuna mtu mezani kwetu atakayemlipa dola 40 kwa ajili ya zile 60, na 60 zimekwisha kupigwa.

Wewe unayeingia mnada wako wa kwanza, fanya jambo moja usiku wa kuamkia siku hiyo. Waandike wadakaji wanaokuvutia, watano tu, kisha fungua orodha za wapigaji za Jumapili za msimu uliopita na uhesabu kila mmoja alionekana mara ngapi. Anza na huyo aliyeonekana zaidi.